Nyumba Iliyopanuliwa Iuzwe Pamoja na Historia Yake

Katika maeneo ya Dar es Salaam yaliyopimwa zamani, kama vile Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, ni nadra siku hizi kuonyeshwa nyumba inayouzwa ambayo imebaki vile alivyoijenga mwenyewe wa kwanza. Baraza limezibwa likawa sebule, vyumba vimeongezwa uani hadi vikakaribia ukuta wa jirani, mbele zimetolewa fremu za maduka, na juu ya jiko nondo zimeachwa zikisubiri ghorofa. Madalali huzinadi nyumba hizi kwa idadi ya vyumba na uzuri wa marumaru, na wanunuzi wengi huzipima kwa vigezo hivyohivyo. Mimi naona kinachopaswa kuulizwa kwanza ni historia ya upanuzi wenyewe: nani aliujenga, mwaka gani, juu ya msingi gani na kwa kibali cha nani. Muuzaji anawajibika kuieleza historia hiyo kabla hajataja bei, na mnunuzi asione haya kuidai.

Sipingi watu kupanua nyumba zao. Sinza yenyewe ilizaliwa na fikra hiyo. Katika miaka ya 1970 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilipima viwanja, ikachonga barabara na kupeleka maji, kisha ikawaachia wananchi wajenge wenyewe kadiri ya uwezo wao. Mtu alianza na vyumba viwili, akahamia kabla lipu haijapigwa, akaongeza cha tatu watoto walipokua, na cha nne alipopokea kiinua mgongo. Mkopo wa benki wa kujengea nyumba haukuwa jambo la mtu wa kawaida, na hata leo wanaoutumia ni wachache, kwa hiyo nyumba zilikua pamoja na familia. Nawaheshimu sana wazee waliojenga kwa namna hiyo. Taabu huanza siku ya kuuza, pale rangi mpya inapopakwa juu ya kazi ya mafundi wa vizazi viwili, na mgeni akaambiwa kwamba anachokiona ni nyumba moja.

Hivi karibuni nilimsindikiza mdogo wangu wa kiume na wifi yangu kwenda kuangalia nyumba ya aina hiyo Sinza, kwenye kiwanja cha mita 12 kwa 24. Tangazo lilisema vyumba sita, viwili kati yake vikiwa na choo ndani, jiko la kisasa na fremu mbili zinazotazama barabara. Vyumba vitatu vya mwanzo vilijengwa na wazazi miaka ya 1980, vilivyobaki wakaongeza watoto baada ya baba yao kufariki, na sasa familia inauza ili igawane. Kwa mbele nyumba inapendeza kweli: dari la jipsamu lenye taa, madirisha ya aluminiamu, marumaru zilizotandazwa kuanzia mlangoni hadi uani. Dalali alitupitisha kwa haraka, na kila tulipoingia chumba alikuwa wa kwanza kuwasha taa, ingawa ilikuwa saa sita mchana.

Taa zile ndizo zilizonifanya nianze kuangalia madirisha. Chumba cha pili cha nyumba ya zamani kilikuwa na madirisha mawili, moja upande wa uani na jingine upande wa mashariki, na hewa ilipita kati yake. Upanuzi ulipofika uani, dirisha la kwanza likajikuta linatazama ndani ya jiko jipya, na grili yake ya zamani bado ipo pale, imepakwa rangi nyeupe. La pili lilizibwa kwa matofali ili kupata nafasi ya kabati. Chumba hicho sasa hakina mwanga wala hewa isipokuwa mlango uwe wazi, na kwa joto la Dar es Salaam la kuanzia Desemba hadi Machi, atakayelala humo atalazimika kuwasha kiyoyozi usiku kucha. Gharama hiyo ya LUKU haikuandikwa kwenye tangazo, lakini ni sehemu ya bei ya nyumba. Naamini nyumba yenye vyumba vinne vinavyopumua ina thamani kuliko yenye vyumba sita ambavyo viwili vyake ni giza tupu, na ninasikitika kuona tunavyoipoteza busara ya wazee waliokuwa wakiacha ua nyuma na baraza mbele, si kwa kukosa fedha za kuongeza vyumba tu, bali kwa kuwa waliijua hali ya hewa ya pwani.

Mahali pa kusimama kwa muda mrefu zaidi, katika nyumba yoyote iliyoongezwa, ni pale jengo la zamani linapokutana na jipya. Msingi wa zamani umeshatulia ardhini kwa miaka mingi. Mpya bado unashuka, na kama haukuchimbwa kwa kina kilekile, au mafundi hawakuacha nafasi kati ya kuta mbili wala kuzifunga kwa nondo ipasavyo, ufa utatokea tu. Katika nyumba ile makutano yako kwenye korido. Sakafu ina tofauti ya urefu ambayo marumaru zimejaribu kuificha kwa mteremko mdogo, na ukutani kuna ubao mwembamba uliopigiliwa wima kutoka sakafuni hadi darini, kama urembo. Mdogo wangu aliubonyeza kidogo pembeni, tukauona ufa nyuma yake, mpana kiasi cha kuingiza sarafu, nao umepanda moja kwa moja hadi kwenye dari. Juu ya hapo, jipsamu ilikuwa na doa la rangi ya chai, kwa sababu ndipo bati za paa la zamani na za paa jipya zinapokutana na kufanya mfereji unaokusanya maji ya pande zote mbili. Doa lilikuwa limepakwa rangi, lakini unyevu ulikuwa umeshapenya tena. Ndiyo maana nawashauri wanunuzi waende kuangalia nyumba wakati wa masika, na ikiwezekana mvua ikiwa inanyesha; muuzaji asiyependa mgeni aje siku ya mvua, naye amekwisha kutoa taarifa muhimu.

Nyumba ile ilikuwa na jambo jingine ambalo hakuna jicho lingeliona. Tulipotoka nje nilimsalimia mama mmoja mtu mzima aliyekuwa amekaa kibarazani kwake, ng'ambo ya uzio.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Mnanunua?”

Nilimwambia bado tunaangalia. Akauliza kama tumeonyeshwa karo, yaani shimo la maji taka. Hatukuwa tumeonyeshwa. Alinyoosha mkono kuelekea chumba kikubwa cha nyuma, kile dalali alichokisifu kuliko vyote, akasema: “Lilikuwa hapo. Wamelijengea juu.”

Tuliporudi ndani tuliona bomba la hewa likipanda kwenye kona, limefunikwa kwa boksi la mbao. Maana yake ni kwamba mfuniko wa karo uko chini ya marumaru za chumba cha kulala, na siku litakapojaa, gari la kunyonya maji taka halitakuwa na mahali pa kuingiza mpira wake mpaka sakafu ivunjwe. Upenyo wa upande wa nyuma nao umebaki wa kupita mtu mmoja kiubavuubavu. Mtoto wa marehemu aliyekuwa ametufungulia mlango hakukana. Alisema walikusudia kuchimba jingine mbele, kisha fremu zikajengwa. Sikuona hila kwake. Niliona familia iliyokuwa ikitatua shida ya leo kwa kuifunika ya kesho, kama familia nyingi zinavyofanya. Hata hivyo mgeni anayetoa akiba yake yote ana haki ya kuambiwa jambo kama hilo na muuzaji mwenyewe, asilisikie kwa jirani.

Kuhusu ghorofa, dalali alitumia maneno ambayo karibu kila aliyetafuta nyumba mjini ameyasikia: “Dada, msingi huu ni wa ghorofa.” Hakuna kauli katika biashara hii inayonitia hofu kuliko hiyo. Msingi haujulikani kuwa ni wa ghorofa kwa sababu nondo zimechomoza juu ya paa, hasa nondo zilizopigwa na hewa ya chumvi kwa miaka hadi zikaanza kubanduka maganda. Unajulikana kwa mchoro wa mhandisi unaoonyesha kina, ukubwa wa nondo na nguzo zilipo, na kama mchoro haupo, kwa kuchimba pembeni na kuuangalia. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo na kuua zaidi ya watu 20, na iliripotiwa kwamba kazi ya kupanua eneo la biashara chini ya jengo hilo ilikuwa ikiendelea. Nyumba ya familia si jengo la biashara la Kariakoo, lakini uzito haubagui majengo. Kumlipa mhandisi aliyesajiliwa aje kuikagua nyumba ni gharama ndogo mno ukilinganisha na bei ya nyumba Sinza, na bado watu wengi ninaowafahamu wameona afadhali kutumia fedha hiyo kubadilisha makabati ya jikoni.

Umeme nao unafuata mkondo uleule. Nyaya zilizowekwa kwa ajili ya vyumba vitatu, taa chache na redio sasa zinabeba viyoyozi, jiko la umeme na friji za fremu mbili, zote kwenye njia moja. Fundi umeme mzuri ataligundua hilo kwa kufungua boksi la swichi kuu.

Nyaraka ndizo zinazoonyesha kama upanuzi ulikuwa wa siri au wa wazi. Wengi hudhani kibali cha ujenzi ni kwa nyumba mpya tu, kumbe kuongeza au kubadilisha jengo kunahitaji kibali cha halmashauri vilevile. Kwa Sinza, ambayo sasa iko Manispaa ya Ubungo, karatasi za zamani zinaweza kuwa na jina la Kinondoni, kwa kuwa zilitolewa kabla Ubungo haijawa manispaa, na hilo lisimtie mtu shaka. Hati ifanyiwe upekuzi kwa Msajili wa Hati, mpaka wa kiwanja upimwe upya, maana vyumba vya uani vina tabia ya kuvuka vigingi, na kwa nyumba ya urithi anayetia saini awe msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama. Pale muuzaji aliye hai ana mwenzi wa ndoa, kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinalinda nyumba ya ndoa isiuzwe bila ridhaa ya mwenzi huyo.

Wauzaji nao wana faida katika uwazi huu. Mkazi wa Tanzania akiuza nyumba, kwa kawaida kodi ya asilimia 10 hutozwa kwenye faida, na gharama za kuiboresha nyumba huondolewa kabla faida haijahesabiwa. Aliyetunza stakabadhi za saruji, nondo, bati na malipo ya mafundi anaweza kuionyesha gharama hiyo. Stakabadhi hizohizo humwonyesha mnunuzi ni saruji kiasi gani iliyonunuliwa na nondo za milimita ngapi.

Mdogo wangu ametoa ofa inayotenganisha sehemu hizo. Kiwanja na vyumba vitatu vya wazazi atavilipia kwa bei inayoombwa, chumba kilichojengwa juu ya karo atakilipia baada ya kuondoa gharama ya kuchimba karo jipya na kuvunja sakafu, na kwa ahadi ya ghorofa hatalipa kitu hadi mchoro wa mhandisi upatikane. Dalali aliona masharti ni mengi. Familia imeomba muda wa kumtafuta fundi aliyewajengea upande wa nyuma, na tayari wamepata baadhi ya stakabadhi za nondo kwenye sanduku la mama yao.