Mimi ni bora, sijasikia, tena!

Jumamosi nilikuwa Uyole kwenye mahafali ya kidato cha nne ya mpwa wangu. Vumbi la Septemba mnalijua. Mgeni rasmi kachelewa saa mbili, tumevumilia. Kilichonichefua ni yule mhamasishaji, suti ya buluu, viatu vinang'aa kuliko hoja zake. Akawasimamisha watoto wote. "Mgeukie jirani yako, mwambie: mimi ni bora! Mimi ni mshindi! Sijasikia! Tena!"

Mpwa wangu alichezesha midomo tu. Kwenye bajaji nikamuuliza mbona sauti haikutoka.

"Mjomba, darasa zima linajua mimi ni wa mwisho. Niseme vile mbele yao? Hata mwenyewe najicheka."

Nani atampelekea yule bwana majibu haya?

Maana si mpwa wangu peke yake. Mwaka 2009 huko Kanada, mwanasaikolojia Joanne Wood na wenzake waliwapa watu sentensi ya kujisifu, kwamba wao ni watu wa kupendeka, wairudie rudie. Waliokuwa wanajithamini tangu mwanzo walijisikia vizuri kidogo. Wasiojithamini, yaani wagonjwa wenyewe ambao dawa ilikuwa yao, waliishia kujisikia vibaya kuliko wenzao wa aina hiyo hiyo ambao hawakurudia chochote. Mlazimishe mtoto kutamka asichokiamini uone: kichwa chake kinaanza kuita mashahidi wa upande wa pili. Hesabu ya Jumanne. Karatasi ya matokeo ubaoni. Mwalimu aliyemwita "mkia" mbele ya wenzake, akacheka na yeye. Baraza la Mitihani lenyewe liliacha kutangaza kumi bora mwaka 2023, lakini ubao wa shule hauna habari.

Sawa, aliwaamsha. Baada ya risala tatu, kumwamsha mtu ni kazi. Na sisi wazazi wa huku kusifia hatujui, hilo nalimeza shingo upande. Baba yangu hajawahi kuniambia nimefanya vizuri. Ukifanya vizuri alikuwa anakuongezea mnofu kutoka sahani yake, kimya, anaendelea kula.

Lakini ule mnofu ulikuwa na sababu! Ulijua umelima tuta gani. Kelele za Jumamosi zilikuwa za nini?

William James, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika mwaka 1890 kwamba kujithamini ni mafanikio yako ukiyagawanya kwa yale unayojidai kuwa. Akakiri kuwa kutojua Kigiriki hakumuumi hata chembe, ila mtu akimzidi saikolojia, kazi aliyoiwekea maisha yake, anaaibika. Mpwa wangu shule imemwekea dau kwenye jambo moja tu, nafasi darasani, na hapo kila muhula analiwa. Kwingine hakuna aliyemuuliza.

Jumapili nikapita soko la Mwanjelwa, kwenye meza ya dada, mama yake. Viazi vya Umalila vimeingia, dalali anashusha lumbesa, anaapa kila moja ina debe nane. Mpwa wangu kaizunguka, kaigonga kwa goti, hata kikokotoo hakuna.

"Saba na sado mbili, baba. Mwaga tupime."

Sauti ilitoka, tena mpaka meza ya tatu waligeuka.