Mashine za Mama Zimo Kwenye Kopo la Biskuti

Jana mzee ninayemhudumia hapa Coventry, Uingereza, alilalamika kwamba kijiko kikigusa sahani, mlio wake unamgonga kichwani kama nyundo. Ana miaka 84, anavaa mashine za kusikia masikio yote mawili. Hatukwenda hospitali. Alifungua programu kwenye simu, mtaalamu wake akatokea kwenye kioo, nami nikaambiwa nigonge kikombe, nifungue bomba, nisome gazeti kwa sauti. Mtaalamu, huko huko aliko, akapunguza sauti kali ndani ya mashine kupitia simu ileile. Robo saa tu. Mzee akarudi kwenye supu yake.

Mimi usiku sikulala.

Mama yangu Muheza naye anazo. Tulichanga ndugu wanne, tukazinunua Dar. Siku ya kwanza ya kwenda nazo sokoni zilimtesa: bodaboda, mashine ya kusaga, wauza mitumba, vyote vikamwingia kwa pamoja. Alichohitaji ni marekebisho, kama yale ya kijiko. Lakini kwake marekebisho ni basi la alfajiri, nauli ya watu wawili, kulala kwa shangazi Mbagala, foleni, kisha "njoo tena baada ya wiki mbili." Alikwenda mara moja. Sasa zimo kwenye kopo la biskuti, na nyumbani wanasema bibi amekuwa mkaidi, haitiki akiitwa.

Najua mtakayosema ninyi wa nyumbani. "Umepanda ndege juzi, leo sisi washamba." "Zahanati haina dawa ya presha, wewe unatuletea masikio." Na lile la kila siku: huko wazee wanatupwa. Ni kweli, watoto wa mzee huyu humwona Krismasi tu, na inaniuma. Mama yangu hajala peke yake hata siku moja, na hilo najivunia mbele ya yeyote. Lakini nimemwona amekaa katikati ya watu kumi, wote wanacheka, naye anacheka nusu dakika baada yao.

Wala msiniambie teknolojia hatuiwezi. M-Pesa iliingia Tanzania 2008, na muuza vitumbua akaielewa bila semina. Mzee wangu huku bado anaandika hundi! Mashine za Mama zinaunganika na simu, niliuliza kabla ya kulipa, ila waliotuuzia wakasema kurekebisha kwa mbali "bado hatujaanza." Kipimo cha kwanza kinataka chumba kisichoingiza kelele, na nta ya masikio haitolewi kwa simu. Hayo tutayafuata mjini. Lakini kupunguza mlio, kumwelekeza Mama abandue stika ya betri na kuiacha betri ipate hewa dakika moja kabla ya kuiweka, hayo yanahitaji mjukuu wa kushika simu, bando, na mtaalamu mmoja anayetenga siku moja kwa wiki. Mnanieleza nini hapo kinachotushinda?

Nimempigia asubuhi. "Mama, mashine umevaa?" Akanijibu mvua imenyesha tangu juzi, mahindi yamepona.