Fundi, Panda Tena

Leo nimeitwa mwongo mara saba kabla ya adhuhuri, na mara zote saba nilikuwa nasema kweli.

Mnaonijua mnajua mimi ni mtu wa heshima zangu. Nimetoka Mbagala alfajiri nikining'inia mlangoni mpaka Kariakoo, kiatu cha kushoto kimekanyagwa mpaka kimebadilika rangi, sikulalamika. Umeme umekatika tulipofungua tu, nikawasha jenereta, sikulalamika. Lakini hili la faili la kadi za send-off, hapana jamani, acheni niseme.

Pale kwenye uchapaji wetu mimi ndiye mtu wa kompyuta. Kwa cheo hicho natengeneza printa, nachomeka birika la chai, na bosi akisahau nywila yake kosa ni langu. Dada wa dizaini anakaa juu, mzee wa mashine anakaa chini, katikati kuna ngazi 22, nimezihesabu kwa magoti. Dada akimaliza kazi anaisevu kwenye folda ya pamoja iliyo kwenye seva. Mzee anaandika namba ya kazi, mashine inachapa. Kompyuta zote ni Linux, kwa sababu bosi alipoonyeshwa bei ya leseni za ile nyingine alishika kifua. Na folda inasafiri kwa NFS, yaani njia ya kompyuta kufungua faili zilizo kwenye seva kupitia mtandao.

Basi kaja mama mmoja, wigi jipya, amelipa advansi, anataka kadi 150 leo leo maana watu wanasubiri kuchanga. Dada anapaza sauti kutoka juu: nimesevu! Mzee anaandika namba. Anavua miwani.

"Fundi, halipo."

"Mzee, lipo."

"Njoo uone na macho yako."

Nachungulia. Halipo. Napanda. Kwa dada lipo, limekaa, linametameta. Nashuka.

"Mzee, lipo."

"Sasa lipo," anasema mzee, na kweli lipo. "Ulivyopanda ndo limetokea."

Nikacheka. Nilikosea. Kazi iliyofuata, halipo. Napanda, nashuka, lipo. Ya tatu hivyo hivyo. Kufika ya nne mzee haniiti tena kwa swali, anaelekeza kidole kwenye ngazi: "Fundi, panda." Bosi akapita, akauliza kuna tatizo gani, mzee akamjibu kwamba hakuna tatizo, fundi akipanda faili linashuka. Bosi akaridhika. Nikaona sasa hivi nitaandikiwa kwenye mkataba.

"Mwanangu," akasema yule mama, "wewe panda tu, usibishane na mtu mzima."

Kumbe siri iko hivi. Mzee ana haraka. Huwa ameshaijaribu namba mara ya kwanza kabla dada hajabonyeza kusevu. Kompyuta yake inauliza seva: kuna kazi namba 417? Seva inajibu hakuna, na wakati ule ni haki, hakuna. Jibu hilo kompyuta inalitia kwenye kashe, yaani kumbukumbu yake ya muda, kama yule mtoto aliyeambiwa na baba yake mwenye madeni, "Mtu akija mwambie sipo." Baba ametoka, amerudi, amevaa msuli, anakunywa chai barazani, na mtoto bado anawaambia wageni hayupo. Linux inaiamini habari ya folda kwa sekunde 30, na folda ikitulia bila kubadilika muda unavutwa mpaka 60. Na mimi kupanda ngazi 22, kuchungulia kwa dada, kushuka, kuhema, inachukua kama dakika. Mnaona mambo? Sikuwa naleta faili. Nilikuwa napoteza muda, kwa miguu yangu.

Jaribu kumweleza mzee. "Hata nikikaa hapa hapa kwenye stuli dakika moja litatokea," nikamwambia. Akaniangalia kama kijana anayekwepa kazi.

Tuseme kweli, hawa Sun Microsystems walioleta hii NFS mwaka 1984 siwalaumu sana. Mtandao wa enzi hizo ulikuwa wa kujikongoja, kila swali linalokwenda seva lina nauli yake, basi ni bora ukumbuke jibu la mwanzo. Huku kwetu mwaka huo huo mtu alipanga foleni ya sukari akaambiwa imekwisha, hakurudi kuuliza kila baada ya sekunde tatu. Lakini jamani, ni leo! Mama wa watu kasimama!

Nikajifanya mjuzi, nikaweka noac, yaani usikumbuke kitu, kila jambo kaulize seva. Ofisi nzima ikaganda. Mhasibu alifungua folda ya risiti, akaenda kuswali adhuhuri, akarudi, inafunguka bado. Alivyoniangalia sitaki kusimulia.

Nikaondoa. Nikaingia kwenye fstab, faili linaloiambia kompyuta iunganishe folda zipi na vipi, nikaandika lookupcache=positive: ukiambiwa kitu kipo kumbuka, ukiambiwa hakipo sahau, kaulize tena. Na ili folda ikifunguliwa isionyeshe habari za jana, acdirmin, muda mfupi kabisa wa kuiamini folda, nikaishusha iwe sekunde 1, na acdirmax, muda mrefu kabisa, sekunde 5. Maneno matatu. Asubuhi nzima ya ngazi kwa maneno matatu.

Ila mabadiliko hayaingii mpaka uichomoe folda na kuirudisha, na folda inagoma kuchomoka, inadai kuna mtu yuko ndani. Nani? Nikatafuta. Mzee! Taarab zake zote amezihifadhi kwenye folda ya kazi, moja inaimba.

"Mzee, naomba uzime kidogo."

"Wimbo ukiisha."

Nyinyi mnazijua taarab. Mama wa send-off akaanza kutikisa kichwa, akashika na kitikio. Mimi nimesimama na kibodi mkononi, heshima yangu yote imekaa sakafuni, nasubiri mtu amalize kumsema mke mwenzie.

Wimbo ukaisha. Nikachomoa, nikarudisha. Nikampigia dada kelele asevu kazi mpya, mzee akaandika namba mapema kama kawaida yake, halipo. Dada akasevu, mzee akaandika tena, lipo. Papo hapo! Nikageuka nipongezwe.

Mzee analitazama faili, hagusi kitufe.

"Mbona huchapi, mzee?"

"Hujapanda."

Nimepanda. Ningefanyaje, mama amesimama.

Saa moja jioni niko kituoni, magoti yanalia, konda anaita siti zipo, siti zipo. Nimeingia, nimesimama kwa mguu mmoja, pua yangu imo kwapani mwa mtu nisiyemjua, na konda bado yuko mlangoni anaita siti zipo. Nimemuuliza amehesabu lini. Ananiambia brazaa sogea nyuma.