Wasiliana na Msimamizi

Kuna ujumbe mmoja ambao ukitokea kwenye kompyuta ya mtu natamani kuingia uvunguni. Unasema: huna ruhusa ya kufungua folda hii, wasiliana na msimamizi wa mtandao. Haya, msimamizi wa mtandao ni nani? Ni mimi. Na mimi niwasiliane na nani?

Kazi hii sikuisomea. Siku moja kompyuta ya mapokezi iligoma, nikainama chini ya meza, nikachomeka waya uliokuwa umechomoka. Nilipoinuka nilikuwa mtaalamu. Tangu hapo naitwa fundi, mshahara ni uleule, na seva ya mafaili, ile kompyuta inayotunza kazi za ofisi nzima, nimeachiwa kama yatima.

Jumatatu hii hata begi sijalitua, nasikia, "Fundi, mtandao umekufa!"

"Imeandika nini?"

"Haifunguki."

"Sawa, haifunguki. Imeandika nini?"

"Iliandika maneno, nikabonyeza sawa yakaondoka."

Jamani! Hayo maneno ndiyo ugonjwa wenyewe. Kuambiwa "njia ya mtandao haikupatikana" ni tatizo moja, kuambiwa "huna ruhusa" ni jingine kabisa. La kwanza maana yake nyumba haionekani. La pili nyumba umeiona ila mlango umefungwa. Lakini mtu kishafuta ushahidi, ananitazama kama mimi ndiye niliyemfungia.

Nikaanza na ninalolijua: pingi, yaani kukiita kifaa kwenye mtandao uone kama kitaitikia. Watu wote ofisini wameihifadhi seva kwa namba yake ya IP, ile anwani ya kifaa kwenye mtandao, kwa maelekezo yangu mwenyewe, kwa sababu jina lake lilikuwa linasumbua. Nikaipigia ile namba, ikajibu haraka, bila kukosa jibu hata moja. Nikatangaza kwa sauti ya mamlaka: seva ni nzima, zimeni kompyuta zenu muwashe. Wakazima, wakawasha. Wakanirudia wakiwa na hasira zaidi.

Nilihangaika saa nzima. Nilikagua kebo, nikatazama taa za swichi, nikafungua fayawoli, yule mlinzi wa mtandao, kuona kama imeziba mlango namba 445, ambao hupitia SMB, lugha ambayo kompyuta za Windows hutumia kugawana mafaili. Mlango uko wazi. Mwishowe, kwa kukata tamaa tu, nikaiandika ile namba ya IP kwenye kivinjari. Ukurasa ukafunguka. Ukaniambia wino umebaki kidogo.

Ilikuwa printa! Umeme ulikatika mwishoni mwa juma, uliporudi kila kifaa kikaomba namba upya, na ruta, mgawaji wa namba hizo, ikagawa inavyojua. Printa ikawahi kuamka, ikakabidhiwa namba ya seva. Saa nzima nilikuwa nasalimiana na printa, nayo kwa adabu zake inaitikia. Pingi inakwambia kuna mtu nyumbani, haikwambii ni nani. Na kama mimi ningekuwa nimeitengea seva namba yake ya kudumu kwenye ruta, kazi ya dakika mbili, haya yote yasingetokea. Hilo sikumwambia mtu. Nilisema "hitilafu ya umeme".

Nikairudisha seva kwenye namba yake. Nusu ya ofisi ikashangilia, nusu ikaanza upya: sasa folda inaonekana, ila ukihifadhi kitu inakataa. Yule bwana wa hesabu akasema folda ya ripoti inamwambia awasiliane na mimi, na amekuja kuwasiliana.

Seva yetu inatumia Samba, ile programu ya bure inayoifanya mashine ya Linux, mfumo tofauti na Windows, iongee ile lugha ya SMB. Mwanzilishi wake, Andrew Tridgell wa Australia, alitafuta jina kwa kuchambua orodha ya maneno, apate neno lenye S, M na B zikifuatana hivyo. Akaangukia samba. Angechambua kamusi ya Kiswahili angepata simba, herufi zilezile kwa mpangilio uleule, na sisi tunaomlisha mnyama huyu tungekuwa tumeonywa mapema.

Maana simba huyu ana milango miwili. Wa kwanza ni ruhusa za Samba: nani aingie, nani aandike. Wa pili ni ruhusa za folda yenyewe ndani ya Linux. Ukiruhusiwa getini, mwenye chumba bado anaweza kukufukuza. Nilikagua geti mara tatu, kila mtu anaruhusiwa. Kumbe ile folda niliiunda Ijumaa nikiwa nimeingia kama rooti, yule mtumiaji mkuu wa Linux, kwa hiyo mmiliki wake ni rooti peke yake, wengine wanachungulia tu. Nikawapa kundi zima ruhusa ya kuandika. Tena nikasema umeme.

Binti mgeni yeye hakuingia kabisa, neno la siri linakataliwa. Nilimbadilishia mimi mwenyewe wiki iliyopita, kwenye Linux. Samba ina daftari lake la maneno ya siri, halisomi la mwenzake. Nikalibadilisha na huko. Bado! Windows ilikuwa imelihifadhi lile la zamani na inalipeleka kimyakimya kila mara. Nikalifuta kwenye hifadhi yake, akaingia.

Akatokea mwenye skana kuukuu inayojua SMB toleo la kwanza tu. "Si uiwashe tu, fundi?" Eti niiwashe! Mwaka 2017 kirusi cha WannaCry kilipita kwenye tundu la toleo hilohilo na kufunga mafaili ya watu nchi nyingi. Nimemwambia atumie fleshi. Amenuna mpaka sasa.

Kufika jioni kila kitu kinafunguka. Nikajaribu mwenyewe kwenye mashine yangu, folda baada ya folda, faili baada ya faili, nikiandika herufi moja na kuifuta kwa raha. Nikazima skrini, nikaenda nyumbani kifua mbele.

Saa tatu usiku simu ya bosi. Yuko ofisini, kesho asubuhi ana kikao.

"Fundi, faili la bajeti linakataa kuhifadhi."

"Limeandika nini, bosi?" Niliuliza kwa mazoea tu.

Bosi ndiye mtu pekee pale anayesoma ujumbe mpaka mwisho. Akausoma polepole: faili hili linatumiwa na mtu mwingine, fungua kwa kusoma tu. Chini yake kuna jina.

"Jina la nani, bosi?"

Akanyamaza kidogo. Nikaanza kutafuta viatu.