Mwalimu wa Ukutubi Bagamoyo Bado Ana Kazi

Kijana wa Bagamoyo akisema anataka kusomea ukutubi, yaani kazi ya maktaba, nyumbani ataulizwa kama kupanga vitabu nako kunahitaji chuo. Akiongeza kwamba lengo lake ni kuja kuwafundisha wengine kazi hiyo, wazazi ndio wanachoka kabisa. Wanachosema tumekizoea: ajira hakuna, wasomaji hakuna, na kila jibu siku hizi liko kwenye simu.

Kuhusu ajira wana haki ya kuhofu. Shule nyingi za sekondari hazina mkutubi. Chumba cha vitabu hukabidhiwa mwalimu wa somo jingine, naye hukifungua akipata nafasi. Tena anayetaka kufundisha ana ngazi ndefu ya kupanda, astashahada, stashahada, shahada na kuendelea, na ada ni ya mzazi.

Wanapokosea ni kudhani kwamba kazi yenyewe inaishia kwenye rafu. Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi Nyaraka kilichopo Bagamoyo, chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, hufundisha pia utunzaji wa kumbukumbu, na wahitimu wa fani hiyo ndio wanaohitajika masjala, chumba cha mafaili ya ofisi. Barua ya mstaafu ikifika ofisini inatakiwa igongwe muhuri wa tarehe, iandikwe kwenye rejista, ipewe namba ya folio, yaani nafasi yake ndani ya faili, kisha iingie kwenye faili lake, si la mtu mwenye jina kama lake. Na majina yetu ya Pwani yanavyofanana, hilo si jambo dogo. Ikiingia faili la jirani, barua haijapotea, ila hakuna atakayeiona. Mzee ataambiwa arudi wiki ijayo, atalipa nauli tena, ataambiwa alete nakala ambayo hana. Akifariki, wanawe wanaanza upya. Fikiria basi faili la kiwanja, au la mirathi. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 imeweka utaratibu wa kutunza kumbukumbu za umma, lakini utaratibu huo utafuatwa na karani kwa kadiri alivyofundishwa. Mwalimu mmoja akivumilia uzembe darasani, mwaka kesho uzembe huo umeshafika wilaya kadhaa.

Kompyuta haijaondoa tatizo hili. Barua iliyoskaniwa na kupewa jina ovyo huzama kuliko iliyo kwenye faili la karatasi, kwa sababu faili angalau mtu anaweza kulipekua.

Upande wa vitabu nako kuna mambo ambayo simu haiyamalizi. Mfumo wa Dewey wa kupanga vitabu kwa namba za mada, uliotolewa Marekani mwaka 1876 na unaofundishwa mpaka leo, umeipa fasihi ya Kiingereza namba 820 nzima, ya Kiswahili ikasukumwa hadi 896.392. Uislamu umewekwa 297, huku Ukristo ukitandazwa kuanzia 220 hadi 280 na kitu. Sasa mkabidhi mwanafunzi utenzi wa zamani wa hati za Kiarabu, unaosimulia maisha ya Mtume kwa Kiswahili. Auweke kwenye dini? Kwenye ushairi? Au kwa kuwa ni mswada uende kwenye nyaraka, na katalogi, orodha ya vilivyomo maktabani, ielekeze kote kuwili? Mimi ningechagua hili la mwisho, lakini la muhimu ni awepo mtu wa kumkalisha mwanafunzi na kumuuliza nani ataitafuta hati hii, na ataitafuta kwa jina gani. Akili mnemba inaweza kutoa namba kwa sekunde moja. Mtafutaji wa Bagamoyo haimjui.

Wapinzani wana hoja moja ambayo hatujaijibu vya kutosha. Baadhi ya wanaofundisha fani hii wametoka dawati la mwanafunzi moja kwa moja hadi ubao wa mwalimu. Hawajawahi kutafuta faili huku mwenye shida amesimama dirishani. Mwalimu wa namna hiyo atafundisha hatua zote kwa usahihi, asijue ni ipi inayorukwa kazi zikizidi.

Kwa hiyo kijana anayeitaka njia hii asizuiwe, ila asiikimbilie. Akishapata stashahada, aombe masjala ya halmashauri au maktaba ya mkoa, hata kwa kujitolea, akae hapo mpaka makosa ya kila siku ayajue kwa macho. Shahada ya juu aifuate baadaye. Navyo vyuo, vinapoajiri, viuulize kwanza uzoefu huo ndipo vifungue cheti.