Ile Klipu ya Gereji ya Magomeni, Sasa Nisikilizeni na Mimi

Najua mmeshaiona, ile ninayoonekana natoka gereji kwa haraka. Jamaa yangu wa bodaboda kaitupa kwenye grupu la mtaa kabla sijanawa hata mikono, na kaisindikiza na maneno kwamba nilikimbia mpaka Mikindani. Uongo. Niliishia kwa mama muuza ming'oko, vile viazi pori, na nilikwenda kumwambia azime jiko.

Gari ni ile Carina Ti ya mzee. Mzee yupi? Yule mwenye posa yangu mkononi. Tumeshusha injini ya 5A, tumepandisha 7A ya mtumba, na mnajua hizi injini zinavyokuja: nyaya zimekatwa utadhani kwa panga. Nozeli nne, kila moja nyaya mbili. Mmoja unapata volti 12 ukiwasha swichi, wa pili unakwenda kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, na boksi ndiyo inayoupa hasi kidogo tu, inakata, inaupa tena. Nozeli inafunguka, inapuliza petroli, inafunga. Sasa nileteeni mtu wa kutofautisha waya wa kontroli na waya wa hasi wakati zote zimeshakuwa rangi ya grisi. (Mafundi wa Facebook tulieni, nakuja.)

Basi, waya wa kontroli wa nozeli namba mbili ukaangukia kwenye hasi ya bodi. Maana yake swichi ikiwashwa tu, hiyo nozeli haifungi. Na pampu ya petroli ilikuwa imevutwa moja kwa moja kwenye swichi. Kwa hiyo muda wote ninamwaga sera kwa mzee, jinsi 7A itakavyomfikisha Masasi bila kuhema, huko chini petroli inajaa taratibu juu ya pistoni namba mbili.

Piga starta: ko! Petroli haibanwi, pistoni imegota. Nikatangaza mbele za watu, "Betri hiyo." Likaletwa betri la lori. Ko!

Tukachomoa waya wa koili, tukafungua plagi. Ya pili ikatoka inachuruzika. Mzee, kanzu nyeupe ya Ijumaa, njiani kwenda msikitini, akasogea.

"Mwanangu, humo ndani kuna nini?"

"Chungulia tu, Baba."

Jamani. Kwa mdomo wangu huu. Na dogo aliyekaa kwenye usukani kasikia "piga tu, Baba". Nikauona mkono wake unakwenda kwenye ufunguo. Nikamwona mzee anainama, kashika kofia isidondoke. Nikafungua mdomo, neno likakataa kutoka. Injini ikazunguka nusu, tundu likapumua fyuuu, petroli ikaruka imenyooka mpaka kwenye boneti, ikagonga, ikageuka, ikashuka yote kifuani kwa mzee. Hakupiga kelele. Alifumba macho, akasema "Astaghfirullah," akabaki kasimama mikono kaitanua kama anayepimwa suti.

Hapo ndipo nilipolikumbuka jiko la ming'oko. Sikukimbia. Niliharakisha.

Yaliyobaki: maji, sabuni, mzee kaswali na msuli wa kuazima, nikapima nyaya kwa taa ndogo, kila mmoja ukarudi kwake, oili ikamwagwa maana petroli ilishapenya chini, injini ikawaka safi kabisa. Hiyo sehemu jamaa hakurekodi. Chaji ilimwishia, eti.

Leo asubuhi mshenga karudi na orodha ya mahari. Imeongezwa kanzu.