Bandari ni yetu sawa, ila mkataba je?

Kila mjadala wa bandari ukianza huku kwetu Tanzania unaishia kwenye swali moja tu, imeuzwa au haijauzwa. Ndivyo ilivyokuwa Juni 2023 pale Dodoma, Jumamosi ya tarehe 10, Bunge lilipokaa kuridhia makubaliano kati ya serikali yetu na Dubai kuhusu bandari, makubaliano yaliyosainiwa tangu Oktoba 2022 na wengi wetu tukaja kuyajua pale karatasi zilipoanza kuzunguka mitandaoni. Ndani ya ukumbi wabunge wanasimama mmoja baada ya mwingine wanasema bandari haijauzwa, huku nje watu wanasema imeuzwa, na mi naona pande zote mbili zilikuwa zinagombania sehemu ambayo tatizo halipo. Ardhi ya bandari ni ya umma, gati ni za umma, TPA, mamlaka ya serikali ya bandari, ipo, hilo halikubadilika. Kinachobadilika ni nani anaendesha, kwa miaka mingapi, kwa masharti gani, na siku ukitaka kumtoa unamtoaje.

Niseme mapema nilipo. Sipingi kampuni binafsi kuendesha gati na wala siamini kwamba serikali haiwezi kuendesha. Ninachokipinga ni Bunge kuridhia mkataba mama, yaani yale makubaliano na Dubai, halafu mikataba ya utekelezaji, ile yenye hela na miaka ndani yake, isifike mezani kwao kabisa.

Waliounga mkono walikuwa na hoja nzito na sio haki kuwaita wote wasaliti kama ilivyokuwa inafanyika. Angalia tu safari ya kontena moja. Meli inafika inakaa nangani inasubiri gati, na kila siku inayosubiri ni gharama, mwenye meli hawezi kuila mwenyewe, anaiweka kwenye nauli ya mzigo. Kontena likishashuka kuna siku chache za bure, zikipita bandari inaanza kuhesabu storeji, yaani ada ya kuhifadhi, na laini ya meli nayo inadai demareji, yaani tozo ya kucheleweshewa kontena lake, na hapo mfumo wa forodha ukidondoka siku mbili au mkaguzi akichelewa zile hesabu hazisimami, zinatembea tu, wakala wa forodha anakupigia simu kukwambia ongeza hela. Mwenye duka Kariakoo anabeba zote anaziweka juu ya bei na mama aliyeko Sumbawanga anailipa bila kujua imetoka wapi. Na mzigo wa shaba wa Zambia na Kongo hauna undugu na Dar es Salaam, wenye nao wanaweza kupitia Beira, Durban, Walvis Bay au Lobito kule Angola, wanachoangalia ni siku ngapi na shilingi ngapi. Kwahiyo mtu anayesema bandari ikiwa ya taifa inatosha, amuulize mwenye mzigo kwanza.

Serikali ikaja na namba zake, kwamba mapato ya forodha kupitia bandari yatapanda kutoka trilioni 7.76 za mwaka 2021/22 mpaka trilioni 26.7 ifikapo 2032/33. Hayo ni makadirio, tuyachukue kama makadirio. Tena kodi ya forodha ni hela ambayo TRA, mamlaka ya mapato, inakusanya kwa sababu mzigo umepita, inategemea mzigo umeongezeka kiasi gani, sio kwamba mwendeshaji anaitoa mfukoni mwake. Mchanganyiko huu uliwachanganya watu wengi sana, wakadhani mwekezaji ndo atatulipa trilioni 26.

Sasa kuna kitu ambacho kwenye ule mjadala kilipitwa haraka mno na kwangu mimi ndo kilikuwa cha kukaa nacho. Tulishawahi kumpa mtu binafsi. Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika 1977 tukaunda shirika letu la bandari, THA, la serikali asilimia mia, na ilipofika mwaka 2000, kipindi kile mashirika ya umma yanabinafsishwa, kitengo cha makontena, gati namba 8 mpaka 11, wakapewa TICTS, kampuni iliyokuja kuwa chini ya Hutchison ya Hong Kong. Mkataba ukaanza wa miaka 10, ukaongezwa muda kabla haujaisha, ukaja kupitiwa tena, mpaka wakaondoka mwishoni mwa 2022. Miaka zaidi ya 20. Na katika miaka hiyo hiyo ya mwisho Dar es Salaam ilikuwa inatokea karibu na mkiani kwenye orodha ya Benki ya Dunia ya ufanisi wa bandari za makontena. Maana yake ni nini? Huwezi kutumia ile orodha kusema serikali imeshindwa mlete binafsi, wakati sehemu kubwa ya makontena ilikuwa mikononi mwa binafsi. Na wale wa upande wa pili nao hawawezi kusema ubinafsishaji ndo umeua, kwa sababu gati za upande wa TPA nazo zilikuwa na foleni zake, kina kilikuwa kifupi meli kubwa haziwezi kufunga, reli imechoka, malori yamejaa kuanzia Kurasini mpaka barabara ya Mandela. Bandari sio gati peke yake.

Kwahiyo ushahidi wetu wenyewe unasema uendeshaji umekuwa wa serikali na umekuwa wa binafsi na bado haikutosha. Hapo ndipo nilitegemea wabunge waulize, je mkataba wa TICTS ulikuwa na kipengele gani cha utendaji, walifikia malengo au hawakufikia, walipigwa faini lini, nani alikuwa anawasimamia? Majibu ya hayo maswali yangetusaidia kuliko hotuba zote za siku ile.

Tuje kwenye mkataba wenyewe. Waliopinga walikuwa na vifungu mkononi na hawakuwa wanabuni. Kifungu cha 23 kinasema pande hizi mbili haziruhusiwi kujitoa wala kusitisha makubaliano katika mazingira yoyote yale, hata kukiwa na uvunjaji mkubwa wa mkataba, hata uhusiano wa kibalozi ukivunjika, na ukomo wake ni pale shughuli zote za miradi zitakapoisha au mikataba yote ya chini yake itakapokwisha muda. Soma tena taratibu. Kifungu cha 4 kinatutaka tuwajulishe Dubai kuhusu fursa nyingine kwenye sekta ya bandari, maeneo huru ya biashara na usafirishaji. Migogoro inaenda kwenye usuluhishi Johannesburg. Mtu akisoma hivyo halafu anaambiwa tulia ni mambo ya uwekezaji tu, lazima aogope, na ndo maana hoja hii haikubaki kwa wanasiasa, ilifika mpaka kwa maaskofu Katoliki kupitia TEC waliotoa tamko Agosti ile, na Mahakama Kuu Mbeya ambako kesi ya kuyapinga makubaliano ilitupwa tarehe 10 Agosti. Siku chache baadae mwanasiasa Dk. Wilbrod Slaa na wakili Boniface Mwabukusi wakakamatwa, wakaja kuachiwa kwa dhamana. Hilo la kukamata watu kwa kusema juu ya mkataba wa nchi lilikuwa kosa na nalisema bila kuzunguka.

Serikali ilikuwa na jibu na nalo lisikilizwe. Walisema ule ni mkataba wa nchi na nchi, fremu tu, haugawi gati yoyote, muda na hela vitakuja kwenye mikataba ya miradi. Na kweli ilipofika 22 Oktoba 2023 pale Ikulu Chamwino ikasainiwa mikataba yenye ukomo, miaka 30, DP World, kampuni ya bandari ya Dubai, inaendesha gati namba 4 mpaka 7, namba 0 mpaka 3 inaendesha kwa kushirikiana na TPA, uwekezaji wa kuanzia dola milioni 250 kwa miaka 5, na utendaji unapimwa kila baada ya miaka 5. Ukilinganisha na hofu ya mwezi Juni, kwamba ni bandari zote na milele, hiki kilikuwa kidogo zaidi na chenye mipaka. Mi naamini kelele za wananchi ndo zilichonga huo mpaka, na ni sababu moja kubwa ya kutowaita waliopiga kelele wapotoshaji.

Ila tatizo langu linabaki pale pale. Bunge liliridhia fremu, na ile yenye miaka 30 na dola ikasainiwa bila Bunge kuiona kwanza. Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba inayotakiwa kuridhiwa, na wanasheria wa serikali watasema mkataba wa pango kati ya TPA na kampuni sio mkataba wa aina hiyo. Kisheria inaweza kuwa sawa. Lakini mwananchi hapo ameachwa na nini? Kile alichokijadili hakina hela, na chenye hela hakukijadili.

Kuna watu wanasema basi tutaifishe, tuchukue zote ziendeshwe na taifa, mfano upo Djibouti. Ni kweli upo na unafundisha pande zote. Djibouti waliingia na DP World hiyo hiyo mwaka 2006 kujenga na kuendesha kituo cha makontena cha Doraleh, baadae wakaona masharti yanawabana, Novemba 2017 bunge lao likapitisha sheria ya kuruhusu mikataba ya miundombinu nyeti ipitiwe upya, na Februari 2018 serikali ikaingia ikachukua kituo. Kituo hakikufa, kikaendelea chini ya kampuni ya serikali, na mwaka 2020 Djibouti ndo ilikuwa ya kwanza Afrika kwenye ile orodha ya Benki ya Dunia niliyoitaja. Nani tena aseme serikali ya Kiafrika haiwezi kuendesha bandari? Lakini upande wa pili wa hiyo hadithi, usuluhishi London mwaka 2019 ukaamuru Djibouti ilipe dola milioni 385 na riba juu, na kesi zikafuatana. Kutaifisha kunawezekana, ila ukiwa umesaini vibaya mwanzo bili inakusubiri, na bunge linalotunga sheria baada ya kusaini halina nguvu sawa na bunge lililosoma kabla.

Hata wakubwa wamehangaika na hili. Uingereza baada ya vita walitaifisha reli 1947 na bandari zilizokuwa mali ya makampuni ya reli zikaingia humo humo, serikali ya waziri mkuu Wilson ikataka kuchukua na zile kubwa zilizobaki, muswada ukafia njiani uchaguzi wa 1970 ulipoitishwa, na ilipofika 1983 zile za serikali zikaanza kuuzwa kwenye soko la hisa. Wamarekani nao 2006 DP World ilipokaribia kushika vituo kwenye bandari zao wabunge wao walikuja juu mpaka kampuni ikakubali kuviuza. Wapinzani wetu waliupenda sana huu mfano, na mimi nauchukua kwa kiasi, maana hoja yao kule ilikuwa usalama na siasa za baada ya Septemba 11 kuliko ufanisi. Ninachokichukua ni kwamba wabunge wao walihoji rais wa chama chao wenyewe. Sisi Juni ile upinzani mle ndani ulikuwa karibu haupo, chama kimoja kimejaa ukumbi, mjadala ukaanza na kuisha siku moja.

Kuna jambo la hela ya umma pia ambalo linanigusa. Kabla ya DP World kufika, gati namba 1 mpaka 7 ziliboreshwa na kuchimbwa kina cha mita 14.5 kupitia mradi ambao Benki ya Dunia ilitukopesha dola milioni 345. Deni hilo ni letu, tutalilipa sisi. Aliyekuja kaikuta kazi ngumu na ya bei ghali imeshafanyika. Sio dhambi, mwenye nyumba hukarabati kabla ya kupangisha, lakini lazima pango lioneshe kwamba nyumba imekarabatiwa, na kwa vile pango lenyewe hatulioni, hatuna njia ya kujua kama limeonesha.

Na upande ule mwingine, gati 8 mpaka 11 za TICTS, mwaka 2024 zimeenda kwa ubia unaohusisha Adani wa India na AD Ports wa Abu Dhabi, miaka 30 pia. Hapo kelele hazikusikika hata robo ya zile za DP World. Kwahiyo kitengo kizima cha makontena cha bandari yetu kuu kiko kwa waendeshaji wa nje wawili, jambo ambalo lina uzuri wake kwa sababu wakishindana mwenye mzigo ananufaika, na lina hatari yake kwa sababu TPA ikikaa miaka 30 haijaendesha kontena, siku mkataba ukiisha nani atakuwa na ujuzi wa kuendesha? Mafundi wa kreni, wapangaji wa yadi, watu wa mifumo, hawa hawaokotwi.

Kama miaka ya tathmini inahesabiwa tangu kusainiwa, ya kwanza ya DP World inaangukia 2028, ndani ya Bunge hili la 13. Kamati ya miundombinu ina mamlaka ya kuiita TPA na kuomba iletwe yote, malengo yaliyoandikwa, siku za meli nangani, kontena kwa saa, pango lililolipwa, Watanzania wangapi wameshika nafasi za juu, na CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, akague. Wabunge wasisubiri kuletewa, waanze kuidai sasa hivi.